Joho Halijipigi Pasi

Mmesikia watu wakisema, "Joho halijipigi pasi," nanyi mnauliza methali hiyo imetoka wapi. Tulieni, wanangu, niwape asili yake.

Katika chuo kikuu kimoja alikuwako Bi Hidaya, mtunza majoho. Kwa miaka ishirini na miwili aliyanyoosha majoho ya maprofesa kila mahafali. Alijua nani mfupi, nani amenenepa, kitivo kipi kina mkanda wa rangi gani. Lakini mahafali yenyewe hakuwahi kuyaona. Makofi aliyasikia kupitia ukuta wa stoo. Mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu akaomba kiti kimoja tu, hata cha nyuma kabisa.

Jibu lilikuja kwa tangazo ubaoni: siku ya mahafali, jengo la ukumbi ni la wanataaluma na wageni waalikwa, wafanyakazi wengine wasilikaribie. Liliwauma wafagizi, madereva, hata makarani wa masijala, lakini Bi Hidaya lilimchoma zaidi. Naye alikuwa mtu wa kutii maandishi. Stoo ya majoho ilikuwa ndani ya jengo lile lile. Basi asubuhi ya mahafali akakabidhi ufunguo getini, akarudi nyumbani kuchambua mchicha.

Ikawa kasheshe! Maprofesa walikuta majoho yamekunjamana masandukuni. Wa sheria akavaa mkanda wa mifugo. Mwingine joho likamwishia magotini. Wazazi wameshajaa ukumbini. Makamu Mkuu wa Chuo akamfuata Bi Hidaya mwenyewe kwa gari.

"Bi Hidaya, mbona umetutupa?"

"Sijawatupa, Profesa. Tangazo lina sahihi yako."

Akainamisha kichwa. "Nilitia sahihi bila kukufikiria. Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Ila joho halijipigi pasi, Profesa. Na anayelipiga ana macho, naye anatamani kuona."

Akarudi, akanyoosha majoho arobaini huku Makamu Mkuu akimshikia mapindo. La mwisho lilipotoka, akakaa juu ya sanduku kungojea makofi ya ukutani, kama alivyozoea. Mlango ukafunguliwa. Makamu Mkuu, aliyekuwa ametangulia ukumbini, akarudi na kumshika mkono, akampeleka safu ya mbele. Huko Bi Hidaya akayaona majoho yake yakipita, hayana hata mkunjo mmoja, akalia bila kujificha.

Basi siku mtakapong'aa mbele za watu mkamsahau aliyewang'arisha, msishangae mkiambiwa: joho halijipigi pasi.