Komba wa Mwisho na Mlangilangi wa Sultani Idarusi

Zamani majini walipokuwa wakiwatembelea watu mchana kweupe, mji wa Shungwi ulitawaliwa na Sultani Idarusi bin Muhidini, naye alikuwa na vitu viwili visivyo na mfano: mlangilangi ambao maua yake ya manjano yaliutia manukato mji mzima, na komba, mnyama wa mwituni mwenye ndevu nyekundu na mkia mrefu kumshinda mwenyewe, wa mwisho katika jamii yake, ambaye Zahariya binti Sultani alimlea kwa maziwa ya kijiko.

Siku ya kuamkia harusi ya Zahariya, jini akatoka shinani mwa ule mti na kusema, "Ewe Sultani, walinganishe wawili hawa, mti na komba, mbele ya watu. Aliye bora abaki, na aliye duni nitamchukua, wala hutamwona tena."

Washairi wakausifu mti, na kadhi akakumbusha kwamba tangu enzi za mababu hakuna bibi harusi wa Shungwi aliyetolewa bila langilangi nyweleni, ila mwenye la kuficha. Sultani akainama, akasema, "Mwanangu, komba ni komba. Nitakununulia kasuku."

Zahariya, ambaye hasira zake zilikuwa karibu kuliko viatu vyake, akasimama. "Baba, heshima yako iko pale pale, lakini hapa umekosa. Mti ukiondoka hupandwa mwingine. Huyu akiondoka, nani atamzaa? Uchukuliwe mti, nami nitatoka kichwa kitupu, na wa kucheka acheke."

"Na mumeo je?" akauliza shangazi yake. "Umemuuliza, au unamtangazia?"

Wote wakamgeukia bwana harusi, Nasuri muuza marashi, ambaye wakati huo alikuwa akivutana na komba. "Bibi, mimi harufu nauza, sikuja kuioa," akasema. "Ila mwambie huyu aniachie kilemba changu."

Jini akacheka hata madirisha yakatikisika, na akaukumbatia mti kana kwamba anaung'oa, na maua yote yakapukutika, na kila ua lililogusa ardhi likageuka komba mwenye ndevu nyekundu, wakajaa uani na juu ya mapaa. "Mti nawaachieni," akasema, "maana ndio ulionituma nimwombee komba, rafiki yake, jamaa wa kuishi nao." Akatoweka.

Basi Zahariya akaolewa bila ua hata moja nyweleni, na Sultani akamtunuku bandari na mashamba, na akina mama waliokuja kumcheka wakashinda wakiwafukuza komba kwenye sinia za pilau.

Nawe uliyesikia, usiwapime wapendwa wawili kwa mizani moja. Na ukilazimishwa, simama na yule asiyeweza kupandwa upya.