Mwewe wa Baba Mkwe

Jambo likionekana jepesi machoni petu, nyuma yake mara nyingi pana subira na mikono ambayo hatukuiona. Ndiyo maana wahenga wakasema ukiona vyaelea, vimeundwa. Hayo yalimthibitikia mpiga picha mmoja aliyeolewa katika nyumba ya daktari wa ndege.

Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, kwa hiyo siku nyingi mke alibaki na baba mkwe wake, daktari huyo, mzee mjane, mkavu wa maneno. Walikula pamoja, kila mmoja na sahani yake na ukimya wake.

Asubuhi moja akianika nguo juu ya paa, alimwona mwewe akielea bila kupiga bawa. Alikimbilia kamera. Picha ilipotoka alifurahi kama kibogoyo aliyeota meno. Akaisafisha kubwa, akampelekea mzee kwa mikono miwili.

"Baba, nimekuletea zawadi."

Mzee aliisogeza hadi puani. "Ahsante, mwanangu. Manyoya haya ya ncha ya bawa, yaliyoachana kama vidole, ni mangapi?"

"Sijayahesabu, Baba."

"Na upi mrefu kuliko yote?"

Binti alirudi chumbani machozi yakimlengalenga. Alipompigia mumewe simu, mumewe alicheka. "Baba akikuuliza, ujue amekupenda. Asiyempenda humwambia 'vizuri', basi."

Hakuamini, mpaka mzee alipobisha mlango wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mwanangu, nina mgonjwa, na macho yangu yamenitupa mkono. Nisaidie."

Katika chumba cha matibabu nyuma ya nyumba alikuwamo mwewe aliyenaswa na waya. Manyoya makuu ya bawa la kulia yalikuwa yamekatika. Kungoja yaote mapya kungechukua miezi, na ndege huyo alikuwa amekwisha kususa chakula kizimbani. Mzee alikuwa na boksi la manyoya yaliyodondoshwa na mwewe wengine, na alitaka kuyaunga kwenye vishina vya yale yaliyokatika.

"Ila kila unyoya una kwao," alisema. "Ukiuweka kwa jirani, bawa linakwenda upande."

Basi binti akalipiga picha bawa la kushoto, lililo zima, likiwa limetandazwa mbele ya dirisha. Akazikuza picha kwenye kompyuta, akazigeuza zifanane na bawa la kulia. Hapo akaona asichowahi kukiona: upande wa mbele wa kila unyoya mwembamba, wa kukata upepo, na wa nyuma mpana, nyuzi zake zimeshikana kwa vikulabu vidogo mithili ya zipu, na ncha zimepunguzwa upana ili zifunguke kama vidole.

"Kumbe!"

"Kumbe nini?"

"Hakuna hata mmoja unaolingana na mwenzake!"

Mzee akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia.

Binti alichagua unyoya, mzee akaukata kwa kipimo, akachomeka kijiti cha mwanzi ndani ya uti wake ulio wazi, akatia tone la gundi, akauunga kwenye kishina chake bawani. Walipofika unyoya wa mwisho mkono wa mzee ulianza kutetemeka. Heshima ya ukwe ilimkataza binti kumgusa. Akaisahau, akaushika ule mkono ukatulia.

"Mama yenu ndiye aliyekuwa akinishika hivi," mzee alisema taratibu. "Tangu atutoke, naogopa kumwomba mtu."

Binti akaelewa kwamba ukimya ule wote haukuwa dharau. Ulikuwa msiba.

Mwewe alipoanza kula na kuchangamka, walimpandisha juu ya paa. Mzee akafungua mikono. Ndege alidondoka kama jiwe, akapotea chini ya ukingo. Binti akafumba macho.

"Fumbua, mwanangu! Niambie, yuko wapi?"

Alikuwa juu ya bati la nyumba ya tatu, akipanda. Mabawa yakanyooka, vidole vikafunguka, kila unyoya mahali pake.

"Anaelea, Baba! Anaelea!"

Mzee, asiyeweza kumwona tena, aliushika mkono wa binti akalia kwa furaha. Chini barabarani jirani mmoja alitazama juu, akaguna, "Ndege wana raha, hawana kazi!"

Baba na binti yake wakatazamana, wakaangua kicheko. Hakika, ukiona vyaelea, vimeundwa.