Daraja la Mto Lufiso

Soma polepole hadi mwisho, kisha mpelekee yeyote mwenye sauti mahali panapoamuliwa mambo ya watu.

Katika nchi ya Isumbo, nchi ya vilima na ukungu, alikuwepo mbunge aitwaye Tusekile Mwandanji, Mbunge wa Jimbo la Ngasiwe. Jimbo hilo limegawanywa na Mto Lufiso. Ramani za zamani huandika Lufiswa, lakini wenyeji wenyewe husema Lufiso. Magharibi ya mto wako watu. Mashariki iko zahanati. Katikati hapakuwa na kitu ila maji na ukungu.

Lakini bungeni daraja lilikuwepo.

Lilianza dogo, katika taarifa ya Wizara ya Ujenzi: nguzo mbili tu. Taarifa iliyofuata ikalipa sakafu. Baadaye likapata vizuizi vyeupe vya pembeni, na mwishowe taa. Waziri, Mheshimiwa Kandidus Ndimbalema, alikuwa na sauti laini, sauti ya kumbembeleza mtoto alale. Alipokuwa akisoma, wabunge walilegea vitini mwao na daraja likawajia machoni.

Hata Tusekile aliliona. Kuna alasiri alisinzia kidogo, akajikuta anatembea juu yake, taa zikiwaka ndani ya ukungu kama maua ya njano, maji yakinong'ona chini ya miguu yake. Aliposhtuka, wenzake walikuwa wanaitikia "Ndiyo!", akaitikia pamoja nao, na Spika akasema, "Nafikiri walioafiki wameshinda." Naye akakusanya karatasi zake kama wenzake, akaenda kunywa chai.

Mwaka uliofuata alifungua kitabu cha bajeti akitafuta jina la Lufiso. Hakulikuta. Akasimama na kuuliza.

"Mheshimiwa Spika," Waziri alijibu kwa upole, "daraja la Lufiso limekamilika. Serikali haiwezi kujenga mara ya pili kitu kilichokwisha kujengwa."

"Waziri anasema uongo!" Tusekile akamkatiza.

Meza zikapigwa. "Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika!" mmoja akapaza sauti. Mwingine akasema, "Mama huyo hajalala vizuri!" Watu wakacheka.

Spika, Mheshimiwa Yeremia Lunogelo, alikuwa mtu wa kanuni. Alingoja kicheko kiishe.

"Mheshimiwa Mwandanji, neno hilo ni zito. Thibitisha au ufute kauli. Nakupa siku tatu. Usipofanya hata moja kati ya hayo mawili, utatoka humu hadi mwisho wa kipindi hiki, na Ngasiwe haitakuwa na wa kuisemea."

Tusekile alisafiri kwenda kwao akiwa na kamera. Alifika mtoni asubuhi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, mzito, usiotikisika, na hakuweza kuona hata ng'ambo. Alisimama akautazama kwa muda mrefu. Kwa mara nyingine alidhani anaona vizuizi vyeupe vikielea, na mguu wake ukataka kwenda.

"Wee! Unakwenda wapi?" Mkono ulimshika nguo kwa nyuma.

Alikuwa Bi. Sekela Mwampinge, mwanamke anayevusha watu kwa chelezo cha mianzi, akivuta kamba iliyofungwa kutoka ukingo huu hadi ule.

"Kumbe ni wewe, Mheshimiwa. Nilidhani ni mgeni."

"Nimekuja kupiga picha, dada. Nataka kuwaonyesha kwamba daraja halipo."

Bi. Sekela alicheka hadi akakaa kwenye chelezo. "Unapigaje picha ya kitu kisichokuwepo? Lile daraja sisi tunalisikia redioni kila mwaka. Kama watu wangekuwa wanavuka kwa masikio, wajawazito wetu wote wangekuwa ng'ambo sasa hivi."

Kisha akaacha kucheka.

"Wiki tatu zijazo mto unajaa, nami nafungua kamba hii. Nikishaifungua, hakuna wa kufika zahanati hadi masika yaishe. Mwaka jana tulizika wawili. Unawajua."

"Nawajua."

"Basi niambie jambo moja. Redio ilisema Bunge zima limekubali kwamba daraja limekamilika. Limekubali kwa kusema ndiyo. Wewe siku hiyo ulikuwa umekaa wapi?"

Tusekile aliinua kamera. Alipiga picha yake, akashika njia ya kurudi mjini.

Siku ya tatu ukungu ulikuwa umeshuka hadi mjini, ukajaza madirisha ya Bunge, na ukumbi mzima ukawa kama unaelea. Picha ya Tusekile ikapitishwa meza kwa meza. Ilikuwa nyeupe tupu.

Waziri aliinyanyua juu. "Mheshimiwa Spika, namshukuru Mheshimiwa Mbunge. Hakika daraja limo humu ndani. Ukungu ukiondoka tutaliona."

Wabunge walicheka hadi wengine wakafuta macho.

"Mheshimiwa Mwandanji," Spika akasema, "huu si uthibitisho. Je, unafuta kauli?"

"Nafuta, Mheshimiwa Spika."

Waziri akatabasamu, akaegemea kiti. Tusekile akafungua kitabu cha kumbukumbu za Bunge.

"Tarehe kumi na saba Februari mwaka jana, Bunge hili liliulizwa kama linaafiki taarifa ya Wizara ya Ujenzi, ukurasa wa arobaini na mbili, inayosema daraja la Mto Lufiso limekamilika. Nilikuwa kwenye kiti hiki hiki. Nilisema ndiyo. Nilisema bila kusikiliza, kwa sababu wenzangu walikuwa wanasema. Kauli hiyo naifuta."

Akafunga kitabu.

"Hiyo siyo kauli niliyokuagiza kuifuta," alisema Spika.

"Najua, Mheshimiwa Spika. Lakini kati ya zangu mbili, hiyo ndiyo ya uongo. Kama nisingeisema, watu wawili wa Ngasiwe wangekuwa na wa kuwatetea kabla ya masika."

Spika akasoma kanuni kama ilivyoandikwa, neno kwa neno. Akamwamuru atoke.

Tusekile akatoka. Mpambe wa Bunge alimsindikiza hadi nje, lakini hakuufunga mlango. Alibaki ameushika, nusu wazi, akisikiliza. Na Tusekile, amesimama kwenye ngazi ndani ya ule weupe, akasikia kiti kikisogezwa.

"Mheshimiwa Spika." Ilikuwa sauti nzito ya Mheshimiwa Gervas Chilumbo, mbunge wa upande wa Serikali, mkongwe kuliko wote. "Mimi hata huo mto sijui uko wapi. Nilisema ndiyo. Nafuta."

"Kaa chini, Gervas!" mtu akamkemea.

"Nimekaa miaka ishirini. Inatosha."

Kiti kingine kikasogezwa. Kisha kingine. Sauti zilikuja moja moja kupitia mlango, za kike na za kiume, kila moja ikitaja jina lake na jimbo lake, kila moja ikifuta. Tusekile alihesabu hadi sitini, akaacha.

"Katibu," Spika akauliza mwishoni, "taarifa ile sasa inaungwa mkono na nani?"

"Na Waziri peke yake, Mheshimiwa Spika."

Halafu ile sauti laini ikasikika, safari hii ikiwa ndogo sana.

"Mimi sijawahi kufika Lufiso. Niliandikiwa. Nikaona mmekubali wote, nikadhani ninyi mmeliona."

Tusekile hakurudishwa bungeni. Adhabu ni adhabu, na Spika Lunogelo hakupindisha kanuni. Lakini wiki ile ile kumbukumbu zilisahihishwa, zikaingizwa sentensi moja ya maneno manne: *Mto Lufiso hauna daraja.* Kwa kuwa sasa halikuwepo, likaweza kujengwa.

Mafundi walifika na kamba na vigingi kabla maji hayajapanda. Bi. Sekela aliwavusha kwenda kupima ukingo wa pili. Fundi mkuu, akiandika majina ya waliokuwemo kwenye chelezo, alimgeukia mwanamke aliyekaa nyuma amejitanda khanga.

"Na wewe, mama, ni nani hapa?"

"Mimi?" akasema Tusekile. "Mimi navuka tu."

Funzo: Ukitaka kumwajibisha mwenye mamlaka, anza kwa kuiwajibikia "ndiyo" yako mwenyewe, kwa maana uongo wa mtu mmoja husimama muda mrefu kwa sababu wengi wameukubali bila kwenda kuangalia.