Mize na Siafu Waliobeba Wana

Paukwa!

Pakawa!

Nyumba gani ina walinzi, haina mkubwa?

Ya siafu!

Basi, hapo kale alikuwako mjane, jina lake Mize, na mwanawe wa mgongoni, Somoe. Walikaa mwisho wa mashamba ya mtama, karibu na msitu wa zimwi mla watoto.

Siku moja siafu wakaingia nyumbani, weusi tititi, kama kamba isiyo mwisho. Mize akachota majivu ya moto awamwagie. Akainama. Lo! Wenye vichwa vikubwa wamesimama pembeni wanalinda njia. Wadogo wanapita katikati, kila mmoja na mtoto mweupe mdomoni.

"Mola nisamehe," akasema. "Kumbe nao wanabeba wana."

Akayamwaga majivu jaani, akachukua mkeka, akatoka.

Jirani yake Kidawa akacheka. "Shoga, leo umefukuzwa na siafu? Kesho utafukuzwa na nzi!"

"Acha tu, shoga. Nao wana watoto wao."

Jua likazama, zimwi likaja. Mize akajibanza ndani ya mtama, akampa Somoe ziwa asilie.

Zimwi likapiga mlango teke, likaingia gizani.

"Nani humu?"

"Ni sisi," wakajibu siafu.

"Mkubwa wenu nani? Nimmeze yeye, ninyi mtawanyike!"

"Hatuna mkubwa."

"Anayewaamuru nani?"

"Hakuna."

"Hata mama hamna?"

"Mama tunaye. Kazi yake kuzaa, yetu kulea."

Zimwi likakuna kichwa. Jeshi gani hili lisilo na jemadari? Huku likiwaza, siafu wanapanda: miguuni, mapajani, masikioni. Wanapanda kimya.

Mara Somoe akaacha ziwa. Nga! Nga! Nga!

"Ahaa! Mtoto!" likanguruma zimwi, likageuka.

"Mtoto analia," akasema siafu mmoja.

"Mtoto analia," wakasema wote. Wakauma kwa pamoja.

"Yalaa! Nakufa mie!" Zimwi likakimbia, likaanguka, likainuka, likapotelea msituni. Halikurudi tena.

Alfajiri siafu wakahama. Mende hakuna, panya hakuna, nyumba safi. Lakini kizingitini Mize akaona kitoto kimoja cheupe kimeachwa, peke yake. Akakibeba juu ya jani, akawakimbilia, akakilaza kando ya njia yao. Siafu mmoja akakitwaa, akaingia mstarini na wenzake.

Hadithi yangu imeishia kwenye jani hilo. Ukimwona kiumbe wa Mungu kabeba mtoto, mpishe njia. Hujui wako atalia lini.