Mtoto Aliyenyimwa Jina

Hapo kale, kabla babu wa babu zetu hawajaota meno, mtoto wa kike hakuchaguliwa jina. Alirithi la bibi yake mzaa baba, na wa kumpa alikuwa shangazi yake. Aliyenyimwa jina hakuwa wa ukoo. Alirudishwa pamoja na mama yake kwao mama.

Katika kijiji kimoja cha wafinyanzi aliishi Mwanamize, mke wa Kibwana. Miaka mingi hakujaliwa mtoto. Alikunywa mizizi michungu, akavumilia vijembe, hata mumewe aliporudi kutoka safari ya kuuza vyungu bara, mimba ikaingia. Furaha iliyoje! Lakini kinywa ni jumba la maneno, na wanawake wa machimbo ya udongo walifungua milango yote. “Mume safarini, mimba nyumbani,” walinong’onezana, wakihesabu miezi kwa vidole na kuikosea.

Siku ya kumtoa mtoto nje, ua ulijaa watu. Bi Mwanashaha, dada yake Kibwana, alimpokea mtoto, akamtazama, akamrudisha.

“Jina la mama yangu silitupi kwenye maneno ya watu,” alisema.

Kibwana akainamisha kichwa. Mwanamize aliiona wazi njia ya kurudi kwao.

Hapo ndipo ninapompendea mwanamke huyu. Hakulia wala hakuapa. Alimpakata mwanawe, akawageukia wale wanawake.

“Jamani, mwanangu huyu hapa, na mume wangu huyu hapa. Yale mnayoyasema machimboni, semeni! Semeni nisikie!”

Aliyekuwa akihesabu miezi akaficha vidole kwenye upindo wa nguo. Mwingine akashikwa na kikohozi cha ghafla. Hakuna aliyesema neno, kwa sababu hakuna aliyejua lolote. Ukimya ule ukamtia haya Bi Mwanashaha, akanyoosha mikono.

“Lete mwanetu nimpe jina la mama.”

“Ahsante, wifi,” akajibu Mwanamize. “Jina ameshapata. Anaitwa Semeni.”

Bi Mwanashaha akampokea tena mtoto, akamwita Semeni mbele ya wote, naye akawa wa ukoo. Na tangu siku hiyo, mwanamke aliyesengenywa akajifungua binti humwita Semeni. Akisimama mlangoni kumwita mwanawe arudi nyumbani, majirani wenye midomo mirefu hukumbuka ghafla kwamba wameacha mboga jikoni. Siku hizi akina Semeni wengi ni mabibi wenye mvi. Ukikutana na mmoja mwamkie kwa adabu, maana yupo mama aliyesimama peke yake mbele za watu ili mwanawe awe na kwao.