Nani Awashe Mshumaa wa Mejumaa?

Wewe unayesikiliza, hebu nikuulize kabla hatujafika mbali. Ukiita mara ya kwanza asije mtu, ukaita mara ya pili asije mtu, mara ya tatu utaita tena, au utafunga mdomo ufanye kwa mikono yako?

Usijibu sasa. Kaa na jibu lako, utalihitaji.

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni mwaka juzi tu, palikuwa na msichana aliyeitwa Mejumaa, mwanafunzi wa unesi. Alilelewa na bibi yake, Bibi Nyamvula. Huyu alikuwa mkunga wa kijiji mpaka siku serikali ilipomwambia: asante bibi, sasa basi, mikono yako haina cheti. Bibi akaacha kuzalisha. Lakini mikono haiachi kujua. Mejumaa alipokuwa mdogo, Bibi alifunika dafu kwa leso akamwambia, "Bonyeza. Mama akishatoa mtoto, tumbo lake lisugue mpaka liwe gumu hivi. Likibaki laini kama papai lililoiva, huyo anakuondokea."

Mwaka wa mwisho wa chuo, Mejumaa na mwenzake Umazi wakapelekwa mazoezini kwenye zahanati ya Mkoroshoni. Zahanati hiyo ina vyumba vitatu, kitanda kimoja cha kuzalishia, na nesi mmoja. Mmoja! Kata nzima, nesi mmoja. Na mheshimiwa alipokuja kuifungua alikata utepe kwa mkasi mzuri, kisha akaondoka nao. Mkasi huo zahanati haina mpaka leo. Anyway.

Asubuhi moja yule nesi alikuwa amekwenda mjini kufuata chanjo. Umazi akasema, "Meju, nakwenda hapo barabarani kuchaji simu. Narudi sasa hivi."

Sasa hivi ya Umazi ilikuwa saa nzima. Ndani ya saa hiyo akaletwa mwanamke kwa bodaboda, Biasha jina lake, uchungu umeshamfika kooni. Mtoto akatoka vizuri, akalia vizuri. Kondo la nyuma likatoka. Halafu damu ikaja, na haikuwa damu ya kawaida.

Mejumaa akaita, "Umazi!" Kimya. Akaita, "Sista!" Kimya. Mlinzi? Zahanati haina mlinzi, ina kufuli. Basi akafunga mdomo. Akaweka mkono juu ya tumbo, akasugua kama lile dafu la Bibi. Akamlaza mtoto kwenye ziwa. Akachoma sindano ya kukaza tumbo, ilikuwa imebaki moja. Akasugua, akasugua, mpaka kiganja kikafa ganzi. Tumbo likakaza. Damu ikapungua. Biasha akaishi, na mtoto wake wa kike akapewa jina: Mejumaa.

Umazi aliporudi na simu yake asilimia mia, aliiona sakafu. Alichukua ndoo akapiga deki, huku machozi yanamdondokea ndani ya maji.

Wakamaliza chuo, ukafika mtihani wa leseni. Kuna karatasi, na kuna vitendo. Kwenye vitendo unaingia chumbani, unamkuta mwanasesere wa plastiki amelazwa kitandani na kichanga chake cha plastiki, na mtahini amekaa na fomu yake ya kutia tiki. Mejumaa akaingia. Mtahini akasema, "Mama amejifungua, anavuja damu. Begin."

Hata lile "begin" halijaisha, mkono wa Mejumaa ulikuwa tayari juu ya tumbo la plastiki. Akafanya kila kitu, na akakifanya vizuri. Mtahini akaandika sifuri. Kwa nini? Kwa sababu hatua ya kwanza kitabuni ni kuita msaada kwa sauti, na ukiiruka hiyo umeanguka chumba kizima, hata uwe na mikono ya malaika.

Mejumaa akauliza, "Samahani, madam. Nimwite nani?"

"Next!" mtahini akasema.

Nimwite nani. Lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na ndilo lililopewa sifuri. My friend, hiyo ndiyo system.

Umazi aliingia chumba kilekile, akaita kama kitabu kinavyotaka, akapasi. Akapata leseni, akaitia fremu, akaitundika ukutani karibu na kalenda, kisha akaenda barabarani kukaanga viazi karai. Maana kazi hakuna. Leseni ipo, kazi hakuna.

Na Mejumaa? Alitia vitabu kwenye gunia la mkaa, akalifunga kwa kamba, akashinda uani kwa Bibi anachambua mchele usio na mawe. Akiambiwa mtihani unaweza kurudiwa, anasema, "Warudie wao."

Wa kwanza kuja alikuwa Biasha, mtoto mgongoni.

"Nimesikia umeanguka kwa ajili yangu."

"Sikuanguka kwa ajili yako, dada. Nimeanguka tu."

"Huyu mgongoni anaitwa nani?"

"Si anaitwa Mejumaa?"

"Basi usimtie mwanangu aibu ya jina. Fungua gunia hilo."

Gunia likafunguliwa.

Wa pili alikuja Umazi. Kila alasiri alifunga karai lake saa ileile ambayo wateja wanakuja, akaja na daftari lake la zamani na sauti ya pua kama ya mtahini. Na wa tatu hakuwa na haja ya kuja, alikuwa mle mle ndani: Bibi Nyamvula alitandika mkeka, akajilaza chali, akajifunga kanga kifuani, akasema, "Haya, mimi ndiye mama. Navuja. Fanyeni haraka, nina mchicha jikoni."

Mwezi ule Bibi Nyamvula alikufa mara thelathini na moja.

Alikufa kwa sababu sauti ya Mejumaa haikutoka. Mikono sawa. Hatua zote sawa. Lakini ile ya kwanza, ya kuita, alikuwa akiisema kama anaomba chumvi kwa jirani.

"Nisaidieni," anasema.

"Zero! Next!" Umazi anasema.

"Mjukuu wangu," Bibi anasema kutoka mkekani, "mimi nimeshazikwa, watu wamekula hitima, na wewe bado unanong'ona."

Siku moja Mejumaa akakaa chini, akaficha uso kwenye leso. "Haitoki, Bibi. Nikifungua mdomo nausikia ule ukimya wa Mkoroshoni."

Umazi akainamisha kichwa. Ule ukimya ulikuwa wake, na wote watatu waliujua. Bibi akanyoosha mkono bila kuinuka, akamshika Umazi kifundo cha mguu, akamshikilia hivyo kwa muda. Halafu akasema, "Mtahini, tuanze tena. Nimefufuka."

Siku ya nne baada ya hapo sauti ikatoka. "Nisaidieni! Mama anavuja damu!" Ee bwana! Mtaa mzima ukaja. Wanaume na majembe, wanawake na ndoo, mzee mmoja na kanzu na kiatu kimoja. Wakamkuta Bibi Nyamvula mkekani anacheka mpaka kanga inamvuka.

"Mnatuchezea!" wakasema, wakaondoka.

Kesho yake akaita tena, wakaja nusu. Kesho kutwa wakaja watatu. Wiki ya pili hakuja mtu, mtaa ulikuwa umezoea. Sisi ndivyo tulivyo: kelele ya mara ya tano tunaiita redio.

Isipokuwa mmoja. Biasha, anayekaa mtaa wa nyuma. Kila alasiri Mejumaa akiita, Biasha anatokea mlangoni anahema, mtoto mgongoni, mikono ina unga, ameacha samaki kwenye mafuta. Samaki wangapi waliungua mwezi ule, mumewe anajua.

Umazi akamwambia, "Dada Biasha, haya ni mazoezi tu. Kaa nyumbani kwako."

"Najua ni mazoezi."

"Sasa unakimbilia nini?"

"Ameita."

Siku ya mtihani ikafika. Chumba kilekile, mwanasesere yuleyule. "Begin." Mejumaa akaita, na hakuita kama mtu wa mtihani, aliita kama mtu anayejua kuna mtu atakuja. Kalamu ikamtoka mtahini mkononi. Mlango ukafunguliwa, wakaingia mbio askari wa geti na mtahini wa chumba cha pili: "What is happening?" Mejumaa hakuinua macho, mikono iko kazini. "Wewe shika mtoto. Wewe, leta dripu." Nao wakashika, wakaleta! Walipokumbuka ni mtihani, yeye alikuwa ameshamaliza.

Akapasi.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye kazi. Manesi wapya wakila kiapo, kila mmoja hushika mshumaa, na mshumaa huo huwashwa na mtu wa kwao. Nesi anaita jina, mtu anaitika, anapanda jukwaani, anawasha. Lakini ukumbi ni mdogo, na viti vya mbele ni vya waheshimiwa, wale wa mkasi. Kwa hiyo kila nesi anapewa kadi moja ya mwaliko. Kadi moja, jina moja.

Mejumaa akaiweka kadi ile juu ya mkeka, mkeka uleule aliofia Bibi. Wakakaa watatu kuizunguka.

Bibi Nyamvula akasema, "Mikono yangu ndiyo iliyo ndani ya mikono yake. Nimelala hapa mpaka mgongo umechorwa mistari ya mkeka. Waliniambia sina cheti. Leo cheti kimeingia nyumbani kwangu, nataka nikiwashie moto mimi mwenyewe, wanione."

Umazi akasema, "Bibi, shikamoo yako, lakini mikono yako ndiyo iliyomwangusha. Ilitangulia mdomo."

"Marahaba. Na ndiyo iliyomwacha Biasha hai. Wewe ulikuwa wapi?"

Umazi akaitazama kadi. Akasema, "Nilikuwa barabarani. Ndiyo maana nataka kadi. Sikuwapo, basi nikamfundisha kila neno ambalo kitabu kinataka, wateja wangu wakahamia kwa mwingine. Bila mimi angefanya tena kama Mkoroshoni, akaanguka tena. Lakini sidai kwa hilo. Siku ile aliita jina langu sikuitika. Nataka aliite mara moja tu, mbele za watu, niitike."

Biasha alikuwa akimnyonyesha mtoto. Wakamngoja. Akasema, "Mimi sina maneno mengi. Damu ilikuwa yangu, na kuanguka kwake kulitokana na damu hiyo, hilo silikatai. Kusoma sijui, kuzalisha sijui. Ila aliita, nikaja. Kila siku."

Mejumaa akawatazama mmoja mmoja. Akamtazama Bibi, akacheka. Akamtazama Umazi, akamfuta chozi kwa ncha ya leso. Akamtazama Biasha, na mtoto akaachia ziwa, akanyoosha mkono kuivuta kadi, wakaiokoa kabla haijaingia mdomoni. Kalamu anayo. Mstari wa jina ni mtupu. Kiapo ni kesho asubuhi.

Haya, lile jibu nililokuambia ukae nalo, litoe likusaidie kuamua. Aliyempa mikono, aliyempa maneno, na aliyeitika: je, nani alistahili kuwasha mshumaa wa Mejumaa?

Wakati mnabishana, nina neno na nyinyi mnaokalia viti vya ofisini vinavyozunguka, mliompa msichana sifuri kwa kutokuita. Mkoroshoni leo bado ina nesi mmoja. Umazi yuko palepale barabarani, nyuma ya karai la viazi, leseni yake iko ukutani karibu na kalenda ya mwaka jana. Jina lake mnalo, namba yake mnayo, na simu yake siku hizi haizimi. Mwiteni.