Kijiti cha Jino la Simba

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na vinu vitatu: kimoja mtoni kwa Kifaru, kimoja bondeni kwa Nyati, na kimoja kilimani kwa Panya. Mwenye kazi alimwendea Pimbi, yule mdogo asiyefika hata gotini mwa Nyati. Pimbi alichora alama ya kazi hiyo kwenye kijiti, akakitia kapuni. Mtwangaji alichukua kijiti kimoja, akaletewa vya kutwanga, akatwanga, kisha akakirudisha na kusema, "Tayari!"

Ndivyo ilivyotakiwa, watoto wangu. Lakini Kifaru na Nyati walikuja asubuhi, puu! puu! puu!, wakazoa vijiti vyote, wakaenda kulala. Jioni wakavirudisha. "Tayari!" Wakanywa uji wote uliokuwa ujira wa watwangaji. Panya alishinda ameshika mchi wake, hana hata kijiti kimoja.

Siku moja Mama Kanga akaja mbio, manyoya yamemtimka.

"Pimbi! Dawa ya wanangu iko wapi? Mizizi nimeileta tangu juzi!"

"Kijiti chako kilirudi jana, mama. Kifaru alisema tayari."

"Tayari? Mizizi iko palepale mlangoni kwake, mizima! Na mwanangu mdogo amekufa asubuhi hii!"

Pimbi alihisi moto kifuani. Akakimbia mpaka mtoni.

"Kifaru! Kifaranga amekufa kwa uongo wako!"

"Khoo!" Kifaru akageukia upande wa pili. "Kanga ana watoto wengi. Toka hapa nisije nikakukanyaga!"

Pimbi akatoka, meno yakimsagika kwa hasira. Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Simba, ambaye siku ya tatu hiyo hali wala halali kwa jino bovu.

"Mfalme, nipe kazi ya jino lako niitie kapuni."

"Itie! Aaah! Itie upesi!"

Kesho yake wale wakubwa wakazoa vijiti kama kawaida yao.

"Angalieni alama kwanza," Pimbi akasema.

"Tuangalie nini?" Nyati akafoka. "Kazi si kutwanga tu?"

Jioni wakarudi. "Tayari!"

"Hata hiki chenye alama nyekundu?"

"Hicho ndicho nilichoanza nacho!" akajibu Kifaru.

"Basi twende kwa Mfalme. Kazi ni yake."

Kifaru akatangulia kwa maringo. Nyati akafuata mbio, asije akakosa zawadi.

Wakamkuta Simba amelala, shavu limevimba kama boga.

"Nani ameifanya kazi yangu?"

"Mimi, Mfalme! Nimetwanga mpaka ikawa unga laini!"

"Na mimi nimepepeta!" Nyati akadakia.

Simba akainuka taratibu.

"Mmelitwanga... jino langu?"

Ngrrraaa! Miti ikatikisika. Kifaru na Nyati wakatimua mbio, wakiparamia miiba, Simba nyuma yao.

"Simameni!" Pimbi akapiga kelele, sauti ikimkatika. "Simameni mmwambie na Mama Kanga kwamba kazi yake iko tayari!"

Kijiti cha jino kikarudi kapuni. Panya akakichukua, akaingia kinywani mwa Simba huku akitetemeka, akavuta, akavuta, pwaa! Jino likatoka.

Tangu siku ile hakuna aliyepewa kijiti cha pili kabla ya kuonyesha kazi ya kwanza, na kijiti kilichocheleweshwa alipewa mwingine. Mama Kanga hakushangilia. Alipokea kwa Panya dawa ya watoto waliobaki, akaondoka bila kumtazama mtu.

Watoto wangu, anayesema kazi imekwisha wakati hajaigusa humwumiza yule aliyekuwa akiisubiri.